Pikipiki hainiwakii alfajiri, nahisi bosi ananihujumu

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 27, dereva bodaboda hapa Mbeya. Naishi Uyole na mke na mtoto mmoja, wa pili yuko njiani. Jina langu lisitoke tafadhali, kwa sababu bosi wangu ni msomaji wako.

Pikipiki ninayoendesha ni ya mkataba. Ni ya CC 125, ya kabureta, bosi aliinunua mpya Dar es Salaam. Makubaliano yetu ni hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi 14, ikiisha hapo inakuwa yangu. Matengenezo yote ni juu yangu. Sharti lake jingine ni kwamba pikipiki ilale kwake, ambako ni mitaa miwili kutoka ninapokaa. Tuliandika kwenye daftari, tukasaini, na shahidi alikuwa mmoja, jirani yake. Nimeshamaliza miezi 11.

Tangu mwezi wa tano pikipiki haiwaki asubuhi. Nafika kwa bosi saa kumi na moja, giza bado, mvuke unatoka mdomoni kwa baridi. Stata inalia mara mbili tatu, inachoka. Nahamia kwenye kiki. Navuta choki, nachezea mafuta, napiga kiki thelathini, arobaini, natoka jasho ndani ya koti. Wapi! Wateja wangu wa alfajiri ni wawili: mama wa mboga anayekwenda soko la SIDO pale Mwanjelwa, na mwalimu anayewahi kipindi cha kwanza. Mama wa mboga ameshahamia kwa mwenzangu. Mwalimu bado ananivumilia, ila juzi alinipigia simu mara tatu na mara ya nne hakupiga tena.

Cha ajabu, ikifika saa nne jua likishapanda, inawaka kwa kiki mbili kama haijawahi kugoma. Siku nzima natembea nayo, hadi Mbalizi na kurudi. Nikiizima mchana nikiiwasha inapokea palepale.

Fundi wa kwanza alisema betri, nikanunua betri mpya. Wa pili alisafisha kabureta, ikawaka siku mbili, ikarudia. Wa tatu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana gereji. Yeye anasema ringi za pistoni zimeisha, afungue injini, nimpe 260,000. Ni kweli oili inapungua kidogo, ila moshi sijauona. Nikisema nitafute fundi mwingine, mke wangu ananuna: "Kwa hiyo kaka yangu ni mwizi?"

Bosi nilipomweleza alicheka. Akasema, "Pikipiki hapa kwangu inaoshwa kila siku mpaka inang'aa, wewe ndiye hujui kuitunza." Na kuoshwa inaoshwa kweli. Tangu alipovuta maji ya bomba mwezi huohuo wa tano, kijana wake anaipiga mpira wa maji kila jioni nikishaikabidhi, mzee anapenda usafi. Lakini naona ananizunguka. Mwenzetu mmoja wa kijiweni alinyang'anywa pikipiki ikiwa imebaki mwezi mmoja na nusu, bosi wake akidai hesabu zimelala. Mimi mpaka sasa siku 12 sijapeleka hesabu kwa sababu ya ugonjwa huu. Ufunguo wa akiba anao yeye. Nani ajuaye usiku wanaifanya nini? Nimeanza kuamini kuna kitu wanakitoa usiku ili nishindwe.

Mama yangu mzazi anataka twende Tukuyu kwa mtu anayemjua. Rafiki yangu anasema nihamie nayo Chunya kwenye machimbo, nipige kazi miezi mitatu, halafu hela ya bosi iliyobaki nimtumie kwa simu. Silali, Mama. Nifungue injini? Niirudishe? Au nihame nayo?

Ndaga fijo.
Wa Uyole

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa alfajiri hizo. Baridi ya Uyole ya mwezi wa sita naijua. Niliwahi kusubiri basi pale njia panda, vidole vikakataa kufungua pochi.

Mimi si fundi. Ila nimeolewa na fundi pikipiki miaka 22, na kazi yangu kubwa katika ndoa hiyo imekuwa kumshikia tochi. Barua yako nilimsomea akiwa anakula. Akatafuna, akanyamaza, akauliza swali moja: "Plagi ilikuwa mbichi au kavu?" Nikairudia barua mara mbili natafuta. Haimo. Imo betri, imo kabureta, zimo ringi, yumo bosi, imo hata Chunya, ila plagi ya asubuhi ile iliyogoma hakuna aliyeifungua akaiangalia. Au kama yupo, hakukuonyesha.

Nikikusikia vizuri, una maswali mawili na umeyafunga kamba moja. La kwanza, kwa nini pikipiki haiwaki. La pili, je, bosi ana nia njema nawe. Umeyafunga kiasi kwamba kiki ikigoma, sikioni mwako ni bosi anacheka. Naomba tuyafungue kamba kidogo, maana kila moja linaweza kuwa na jibu lake.

Bosi wako simjui, na sitasema ni malaika. Yaliyompata mwenzenu wa kijiweni yanatokea, na kuogopa si ujinga. Lakini tufikiri pamoja. Kama usiku kuna mtu anatoa kitu kwenye pikipiki, ni nani anayekirudisha saa nne, wakati wewe umeisimamia hapo tangu saa kumi na moja? Kilichotolewa hakirudi kwa kupigwa jua. Kinachopona kwa jua ni kitu kilichokuwa na baridi, au kitu kilichokuwa na maji.

Hapo ndipo nikarudi kwenye sentensi uliyoiandika kwa kupita tu: mwezi wa tano bosi alivuta bomba, na kijana wake anaipiga mpira kila jioni. Mwezi wa tano ndio pia baridi ya kwetu inapoanza kung'ata. Vitu viwili vimeingia mwezi mmoja, na vyote viwili vinaweza kuinyima pikipiki kuwaka alfajiri. Wewe umeuona mpira ule kama sifa za usafi wa mzee. Mume wangu aliposikia neno "mpira" aliacha kutafuna.

Juma lililopita tu aliletewa pikipiki ya namna hiyo. Alichomoa kofia ya plagi, ile inayochomekwa juu ya plagi na waya mnene, akaniita nisogeze tochi. Kwenye mpira wake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani, kwenye shaba, uchafu wa kijani kama ule wa sarafu iliyosahauliwa kwenye maji. Maji yakiingia humo, umeme unatafuta njia ya mkato. Unateremkia pembeni kwenye chuma cha injini, na plagi inabaki bila cheche au na cheche dhaifu. Jua likikausha, njia ya mkato inafungwa, pikipiki inawaka. Jioni mnaiosha tena, mnaanza upya.

Inaweza kuwa hivyo kwako. Inaweza pia isiwe, maana baridi nayo ina mambo yake. Petroli ikiwa ya baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, ndiyo maana choki ikawekwa, kupunguza hewa ili mchanganyiko uwe mzito wakati wa kuwasha. Sasa Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Kabureta iliyosetiwa pwani ikipanda huku inakuwa tayari inamimina mafuta mengi kidogo kuliko hewa inayopata. Ongeza choki, ongeza kiki arobaini, ongeza mkono unaochezea mafuta kwa hasira. Injini inazama. Plagi ikilowa petroli, hata cheche nzuri inakuwa kama kiberiti kwenye kuni mbichi. Ukiiacha mpaka saa nne, petroli imekauka, inawaka. Unaona jinsi ugonjwa tofauti unavyoweza kuvaa koti lilelile?

Kwa hiyo kabla ya 260,000, na kabla ya Chunya, kuna asubuhi chache za kuangalia. Hazina gharama zaidi ya spana ya plagi na kitambaa kikavu. Hakikisha kwanza vile vidogo ambavyo mikono yenye baridi husahau: gia iko huru, swichi ya kuzimia haijaguswa wakati wa kuosha, koki ya mafuta imefunguliwa. Kisha piga kiki sita, usizidishe. Ikigoma, simama. Fungua plagi uiangalie kwa tochi ya simu. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, na shida ni kwamba yamezidi au hayapati moto. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki, na hapo ndipo kabureta na koki vinarudi kwenye mazungumzo. Ikiwa nyeusi tii na masizi makavu kama ya chini ya sufuria ya kuni, mchanganyiko ni mzito kwa muda mrefu. Angalia na kichujio cha hewa, huenda nacho kinapigwa mpira wa maji.

Baada ya hapo ichomeke plagi kwenye kofia yake, ilaze chuma chake kikigusa injini, mbali na tundu ulikoitoa na mbali na petroli yoyote, upige kiki huku ukitazama. Giza la saa kumi na moja ambalo umelilaani ndilo linalofaa kwa kazi hii. Cheche ya bluu inayolia ta! ni nzima. Ya njano na ya kusuasua, au hakuna kabisa, tazama kofia, waya na koili inayoipa plagi umeme. Na kama ukiona vimulimuli vya bluu vikitembea juu ya waya wenyewe, umeshapata.

Jambo jingine dogo. Hukusema petroli unanunua wapi. Kama ni ile ya chupa za pembeni mwa barabara, mwaga ya kwenye bakuli la kabureta ndani ya chupa nyeupe inayoonyesha ndani, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utayaona kwa macho.

Mtego uliopo ni mmoja: usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Ukinunua plagi mpya, ukasafisha kabureta na ukazuia kuoshwa siku hiyohiyo, ikiwaka hutajua kilichoiponya, na mwezi ujao utaanza upya na fundi wa nne. Na ndiyo sababu nasita kukuambia uombe ilale kwako kwanza, ingawa najua unatamani. Ikilala kwako haitaoshwa. Itawaka, na wewe utasema, "Nilijua! Bosi ananihujumu," kumbe ni mpira tu. Hata Chunya ni hivyohivyo. Kule kuna joto kuliko Uyole na hakuna kijana wa kuosha. Pikipiki itawaka kwa kiki moja, nawe utaishi miaka ukiamini ulimkimbia mchawi.

Tuje kwa shemeji. Usimcheke, na usimwamini kwa kufumba macho pia. Ringi zilizoisha zinapunguza mgandamizo wa hewa ndani ya injini, na injini ya namna hiyo huwa ngumu kuwaka ikiwa ya baridi. Oili inayopungua inampa hoja. Ila kuna kipimo ambacho fundi yeyote anaweza kukufanyia ukiwa umesimama hapo: anapima mgandamizo kwa geji, kisha anatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, anapima tena. Ukipanda sana, ringi zina kesi ya kujibu. Usipopanda, aangalie valvu, ambazo huenda zinahitaji kusetiwa tu bila kufungua injini nzima. Mume wangu ana wasiwasi na jambo moja: ringi zilizochoka kiasi cha kugoma kiki arobaini, halafu zipone kwa jua la saa nne injini ikiwa haijawaka hata mara moja? Alikunja uso. Lakini yeye hajaigusa pikipiki, shemeji ameigusa.

Kwa mkeo, labda neno "fundi mwingine" ndilo linalouma. Jaribu "naomba kaka anipimie nikiwepo." Hilo halimwiti mtu mwizi. Akikubali, utakuwa umelinda nyumba na injini. Akikataa kupima mbele yako, hapo mkeo naye atakuwa ameona kwa macho yake, na mtazungumza mengine. Atakasirika pengine. Ana mimba, ana hofu ya hela kama wewe, na huyo ni ndugu yake wa damu.

Mama yako anakupenda na anaona hulali. Nenda kamsalimie, kula kande zake, mwambie umepewa vipimo vya kufanya kwanza.

Chunya ndiyo inanitisha. Nimepiga hesabu zako. Kwa siku 26 za mwezi, miezi 11 ni 2,860,000, toa siku 12, umeshaweka mkononi mwa bosi kama 2,740,000. Kilichobaki, pamoja na siku hizo 12, ni 900,000. Sasa kadi ya pikipiki ina jina lake. Siku utakayovuka Kawetere, njia ya kwenda Chunya, bila ruhusa yake, hutakuwa tena mtu aliyelipa zaidi ya robo tatu. Utakuwa mtu aliyeripotiwa kituoni kwa wizi wa pikipiki, na daftari lenye sahihi yako liko kabatini kwake. Rafiki yako hatakuwa na lolote la kupoteza siku hiyo. Uamuzi ni wako, ila upime na hilo. Kuirudisha nako ni njia, watu huifanya, lakini kwa miezi mitatu iliyobaki ningetaka kwanza kujua ile 2,740,000 inahesabiwaje. Kama daftari halisemi, ukiirudisha leo unaweza kutoka mikono mitupu.

Kwa hiyo kwa bosi utaenda, njia yoyote utakayoshika. Najua ni mzee na anajivunia usafi wake. Ukienda na "kuosha kwako ndiko kunakoniua" atasikia matusi. Wewe unamjua, utachagua maneno. Mimi ningeanza na kijana wake: "Mdogo wangu, naomba siku nne uipanguse kwa kitambaa tu, injini usiipige maji, nina jambo naliangalia." Kwa mzee ningemwomba siku hizohizo nne kwa heshima, bila kutaja sababu ndefu. Inawezekana akakataa. Inawezekana pia akakubali na pikipiki isiwake, nawe ukajiona umejiaibisha. Hata hapo utakuwa umetoa kitu kimoja kwenye orodha.

Suala la siku 12 lisingoje pikipiki ipone. Hofu yako ya kunyang'anywa iko hapo hasa, kwenye deni ambalo hakuna aliyeliandika. Ungeweza kumwomba mfungue daftari pamoja, muandike kwamba siku 12 zinasogezwa mwisho, na tarehe ya kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha jina kwenye kadi. Shahidi akiwepo yule jirani, na wa pili awe wa upande wako, mwenyekiti wa mtaa kwa mfano, itakuwa bora. Hatari yake ni kwamba anaweza kukuona humwamini, na uhusiano ukapoa. Lakini pia jinsi atakavyopokea ombi hilo itakuonyesha nia yake kuliko kiki zote za alfajiri. Kama hesabu ulikuwa unatuma kwa simu, zile meseji usizifute, hata simu ikijaa.

Na mwalimu usingoje akupigie mara ya nne. Mpigie wewe leo jioni, mweleze pikipiki inaumwa na unaitibu, mtafutie mwenzako wa kumchukua siku hizi nne. Wateja wa namna hiyo hurudi wakiambiwa ukweli mapema.

Ukimaliza asubuhi hizo niandikie. Sihitaji barua ndefu. Niambie tu plagi ilikuwa mbichi au kavu, kuna mtu hapa nyumbani ananiuliza kila jioni.